Betri ya "Saa Sita" na Barua ya Kujieleza

Muuguzi mmoja wa Buseresere ameandikiwa barua ya kujieleza. Anatakiwa aseme, kwa maandishi na ndani ya siku saba, ni kwa nini betri ya akiba ya kituo anachofanyia kazi, ambayo kwa mujibu wa nyaraka za mapokezi hudumu kwa muda wa saa sita, ilizimika baada ya saa moja na dakika 35, usiku ambao mtoto mchanga alikuwa kwenye mashine ya oksijeni. Barua hiyo nimeonyeshwa. Imeandikwa kwa Kiswahili safi cha ofisini, ina kumbukumbu namba, ina muhuri, na ina tuhuma moja mahususi: kwamba mhusika alichaji simu yake binafsi kwa umeme wa akiba.

Sitakitaja kituo, wala muuguzi, wala aliyetia saini. Lakini mimi si mtu baki katika shauri hili. Mama wa mtoto yule ni binti wa marehemu kaka yangu, maana yake ni binti yangu, na usiku ule nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje. Umeme ulikatika saa tatu na dakika tano. Jenereta lilikuwa na kila kitu isipokuwa mafuta. Inveta ikaitika, taa zikarudi, mashine ikaendelea kunguruma, na yule binti wa zamu akatuambia kwa upole, "Msiwe na wasiwasi, wazee wangu, betri hii inakaa saa sita." Hakuwa anatudanganya. Alikuwa anatusomea alichosomewa. Saa nne na dakika arobaini inveta ilipiga kelele mara tatu ikanyamaza, na chumba chote kikanyamaza pamoja nayo. Kulikuwa na mtungi mmoja mdogo wenye oksijeni iliyobaki chini kabisa. Ndio uliomvusha mjukuu wangu mpaka tulipopata gari la kukodi, na muuguzi huyo huyo alipanda nasi, akaishikilia barakoa puani pa mtoto kwa mkono wake njia nzima. Mtoto yu hai. Muuguzi ana barua.

Kwa hiyo naomba leo wasomaji wangu, hasa ninyi mlio kwenye halmashauri na ninyi mnaojiandaa kwenda huko, mnivumilie nifanye hesabu hadharani. Ni hesabu ya kidato cha pili au cha tatu. Kama kuna mtu ndani ya ofisi iliyoandika barua ile angeifanya kabla ya kuandika, tusingekuwa hapa.

Betri iliyopo imeandikwa volti 12, ampea-saa 200. Zidisha: wati-saa 2,400. Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita tano kwa dakika hula takriban wati 350. Ongeza taa nne za wati 10 kila moja. Jumla ya mzigo ni wati 390. Sasa gawa 2,400 kwa 390 utapata saa sita na dakika chache. Hapo ndipo palipozaliwa "saa sita" ya nyaraka. Mtu fulani, mahali fulani, aligawa namba moja kwa nyingine, akafurahi, akaenda kunywa chai.

Lakini inveta si mtakatifu. Inapogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa ukutani, sehemu ya nguvu hupotea kama joto. Tukiipa ufanisi wa asilimia 85, ambao kwa vifaa vya bei ya kati ni heshima, basi mzigo wa wati 390 unaivuta betri kwa wati 459. Tayari saa sita zimekuwa tano na robo.

Pili, ampea-saa 200 hazikuahidiwa bila masharti. Kwa kawaida ya viwanda, betri ya risasi na asidi hupimwa kwa kuivuta taratibu kwa muda wa saa 20: ampea 10 kila saa, kwa saa 20, jumla 200. Betri nyingine za sola hupimwa kwa mwendo wa polepole zaidi, wa saa 100, ili namba kwenye lebo inenepe. Wati 459 kwa volti 12 ni ampea 38, karibu mara nne ya mwendo wa kipimo. Na betri ya risasi haipendi haraka. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hili mwaka 1897, zaidi ya karne moja iliyopita: kadiri unavyoivuta kwa nguvu, ndivyo inavyokupa kidogo kwa jumla. Kwa kanuni yake, na kwa kipeo cha 1.2 ambacho si cha uonevu, betri yetu ingali mpya kabisa ingedumu takriban saa nne hadi kukauka.

Hadi kukauka, nasema. Na kuikausha ndiyo njia ya uhakika ya kuiua. Kila anayejua kazi hii atakwambia betri ya risasi itumiwe nusu, kisha ichajiwe. Nusu ya saa nne ni saa mbili. Hiyo ndiyo namba ambayo ilipaswa kuandikwa ukutani siku ya makabidhiano: saa mbili, betri ikiwa mpya, ikiwa imejaa. Haikuandikwa. Badala yake wauguzi wa zamu waliambiwa saa sita, wakaitumia kwa imani hiyo, wakaikausha mara kwa mara bila kujua, ndani ya stoo isiyo na dirisha, chini ya bati, ambako joto peke yake hufupisha maisha ya betri. Wataalamu hukisia kwamba kila nyuzi kama 10 zinazozidi 25 hukata umri wake kwa nusu. Betri iliyoishi hivyo kwa miaka miwili, ukiikuta na nusu ya uwezo wake, mshukuru Mungu. Na siku ile umeme ulikuwa umekatika mara mbili mchana, hivyo haikuwa imejaa, maana asilimia 20 ya mwisho ya kuchaji ndiyo inayochukua saa nyingi zaidi.

Nusu ya saa nne, punguza kidogo kwa kutojaa. Saa moja na dakika 35 si miujiza wala hujuma. Ni jibu sahihi.

Tuje kwenye simu. Chaja ya simu huvuta wati 10 hivi. Tuseme aliichomeka tangu umeme ulipokatika mpaka betri ilipozima, jambo ambalo yeye anakanusha. Wati 10 juu ya 390 ni kama asilimia mbili na nusu. Kosa lake lote, kama ni kosa, lina thamani ya dakika tatu. Dakika nyingine 260 na ushee zilizopotea kati ya ahadi na ukweli zilikuwa zimeshaibwa siku betri iliponunuliwa, na aliyeziiba hakuandikiwa barua. Huenda alipandishwa cheo.

Nimetumia neno "kuibwa" kwa makusudi, na sitalirudisha. Mahali hapa ni Buseresere. Anayepita kwa basi kutoka Geita kwenda Chato hawezi kujua Katoro ya Wilaya ya Geita imeishia wapi na Buseresere ya Wilaya ya Chato imeanzia wapi; ni mji mmoja wenye mabati na vumbi, uliojengwa na pamba, ng'ombe, mpunga, na zaidi ya yote dhahabu. Katika mji huu mtu akishuka na punje ya dhahabu kutoka mwaloni, punje hiyo itawekwa kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mnunuzi na muuzaji wataikodolea macho namba ile bila kupepesa. Feni itazimwa ili upepo usiisukume sahani. Mwezi Machi 2019 Waziri Mkuu alifungua soko la dhahabu mjini Geita, na moja ya sababu kuu zilizotolewa nchini kote kwa ajili ya masoko ya madini ni kwamba mchimbaji mdogo alikuwa anapunjwa kwenye mizani, na Serikali inapunjwa pamoja naye. Tulilielewa hilo haraka sana. Dhahabu ikipunjwa, mrabaha unapungua.

Vuka barabara. Duka la pili linauza betri. Kwenye kila betri kuna namba. Hakuna mizani.

Wakala wa Vipimo, kwa Sheria ya Vipimo, Sura 340, hukagua pampu za mafuta, mizani ya pamba, mizani ya nyama. Hupambana na lumbesa kwenye viazi na vitunguu. Na siku hizi huhakiki hata dira za maji na mita za umeme. Hukagua pia bidhaa zilizofungashwa: ukiandika kilo moja ya sukari kwenye mfuko, ndani sharti iwemo kilo moja. Nauliza swali la kizembe kabisa: betri ni nini, kama si bidhaa iliyofungashwa? Ni kasha lililozibwa, lililoandikwa kiasi, ambalo mnunuzi hawezi kulifungua ahesabu. Mita inayonihesabia umeme ninaoulipia inahakikiwa ili nisipunjwe wati-saa moja, lakini kasha linaloniuzia wati-saa 2,400 na ndani kuna 900, sijaona stika ya ukaguzi juu yake hata siku moja, Buseresere wala Dar es Salaam. Lumbesa ya umeme haina polisi.

Najua nitajibiwa kwamba Shirika la Viwango lipo, na kwamba bidhaa hukaguliwa kabla ya kusafirishwa kuja nchini. Vema. Lakini cheti cha bandarini kinahusu aina ya betri ilipokuwa mpya. Hakiijui betri kuukuu iliyosuguliwa, ikapakwa rangi na kubandikwa lebo mpya. Hakiijui pia ile betri ndogo ya lithiamu ya mviringo inayouzwa kwa wachimbaji kwa ajili ya tochi za kichwani, iliyoandikwa miliampea-saa 9,800, ilhali zilizo bora kabisa za umbo lile kutoka viwanda vyenye jina hazifiki nusu ya hapo. Anayeshuka duarani na tochi hiyo anapanga muda wake wa kurudi juu kwa lebo. Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kukumbushwa Nyangarata, Kahama, Oktoba 2015, ambako wachimbaji walifukiwa na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Sisemi betri ndiyo iliyowafukia. Nasema giza la chini ya ardhi si jambo la kubuniwa huku, na anayeuza mwanga kwa kipimo cha uongo anajua anamuuzia nani.

Kuna fundi mmoja karibu na stendi ambaye ndiye aliyenifungua macho. Sikwenda kwake kufanya utafiti. Nilikwenda na hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe umesoma, lakini betri haisomwi, inapimwa." Akanionyesha anavyofanya. Anachukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55. Anaichaji betri mpaka ijae, anaunga balbu, anaandika saa kwa chaki ukutani, anaendelea na kazi zake. Mara kwa mara anachungulia volti kwa mita yake ya mkononi. Balbu ile huvuta ampea tano kasoro kidogo. Kwa betri ya ampea-saa 100, huo ndio mwendo wa saa 20 wa kiwandani, karibu sawasawa. Kwa betri ya 200 anaunga balbu mbili. Hakuwahi kusikia habari za Peukert wala za mwendo wa saa 20. Ameufikia utaratibu ule ule kwa kuchoka kugombana na wateja. Na ana kipimo cha haraka zaidi, ambacho kila afisa manunuzi angeweza kukifanya akiwa na suti yake: huinua. Betri ya kweli ya risasi ya ampea-saa 200 ina uzito wa karibu kilo 60, zaidi ya mfuko wa saruji. "Ikija begani kwa kijana mmoja anacheka," aliniambia, "hiyo risasi iko wapi?"

Risasi iko wapi. Ningependa swali hilo liandikwe kwenye ukuta wa kila kamati ya ukaguzi na mapokezi nchini.

Maana tatizo halianzii dukani. Linaanzia kwenye karatasi ya zabuni. Tumejenga mfumo mpya wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, tumetunga Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma mwaka 2023, na ndani ya mitambo hiyo yote mizuri bado afisa huandika: "Betri, 12V, 200Ah, idadi 1." Ameagiza lebo, analetewa lebo, kamati inakagua kama lebo ipo, lebo ipo, inasainiwa. Kila mmoja amefuata sheria. Kinachotakiwa na kituo, yaani kuendesha mashine fulani kwa muda fulani umeme usipokuwapo, hakikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyekivunja.

Wenzetu wa chanjo waliacha mchezo huu zamani. Majokofu ya chanjo ya sola ya kizazi cha kwanza yalitegemea betri, na betri zilipokufa majokofu yakawa makabati. Leo Shirika la Afya Duniani huidhinisha majokofu ya sola yasiyo na betri kabisa, yanayohifadhi ubaridi kwenye barafu, na mtengenezaji haulizwi ameweka nini ndani. Anaulizwa: jua likikosekana, katika joto la nyuzi 43, chanjo itabaki salama kwa siku ngapi? Zisipofika siku tatu, arudi nyumbani. Hata taa ndogo za sola za kijijini, zile za mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, ziliwekewa vigezo vinavyomlazimu muuzaji kusema ukweli kuhusu muda wa kuwaka. Yaani taa ya kusomea ya mtoto wa shule imewekewa saa zake, na mashine ya kumpumulisha mdogo wake haijawekewa. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na wenzao, ya Januari 2023, ilikadiria kuwa karibu watu bilioni 1 duniani wanahudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika au visivyo na umeme kabisa. Nashuku hesabu hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama wangekwenda usiku na saa mkononi.

Kuna wanaoniambia, hata ndani ya idara yangu, kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa sababu Bwawa la Julius Nyerere limekamilika. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Ni kazi kubwa na siidharau. Aliyekumbuka mgao wa 2023 hawezi kuidharau. Lakini angalieni mnavyoongea. Megawati 2,115 ni lebo ya bwawa. Kinachofika Buseresere hupita kwenye njia ndefu za msongo mkubwa, vituo vya kupozea umeme, transfoma na nguzo ambayo mchwa umeshaanza nayo mazungumzo. Tarehe 1 Aprili 2024, mtambo wa kwanza ukiwa tayari unazalisha, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikalala gizani. Nchi inayojua kusoma uwezo uliofungwa na haijui kuuliza uwezo unaofika itaendelea kuwaandikia wauguzi barua.

Na lithiamu? Naam, betri za lithiamu na fosfati ya chuma ni bora: hustahimili kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, haziathiriwi sana na mvuto mkubwa, huishi mizunguko maelfu. Zinunuliwe. Lakini lebo inayodanganya haigeuki kuwa ya kweli kwa kubadili kemia, na asiyejua kugawa kwa risasi hatajua kugawa kwa lithiamu.

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Zabuni ya betri ya umma iandikwe kwa saa na mzigo: iendeshe wati 390 kwa saa sita, ikiwa na umri wa miaka miwili, ibakiwe na nusu. Kwa hesabu ile ile hapo juu, betri moja ya risasi haitoshi. Zingehitajika nne au zaidi, na hapo ndipo tungejua gharama halisi ya saa sita tuliyokuwa tunajigamba nayo. Siku ya makabidhiano, kamati isisaini mpaka mzigo umewashwa mbele yao na saa imehesabiwa. Wakichoka kukaa, waletewe viti. Namba iliyopatikana ibandikwe ukutani karibu na inveta, kwa maandishi makubwa, na ipimwe upya kila baada ya miezi sita. Na Wakala wa Vipimo waje dukani na balbu mbili. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanaweza kuwabebea.

Barua ya muuguzi inatakiwa kujibiwa Ijumaa. Hesabu yote nimemwandikia kwenye karatasi moja, pande mbili, pamoja na ile ya dakika tatu za simu, na ataiambatisha. Ameniomba nisiweke jina langu, naye anahofia kwamba ataonekana ameleta watu wa nje, kwa hiyo karatasi haina jina. Betri yenyewe bado iko stoo, imeungwa kwenye mashine ile ile, na binti mwingine wa zamu jana usiku alimwambia mama mmoja kwamba inakaa saa sita.